Fiat 850 Spider: ni ya Fiat au ya Bertone?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi nipo Ujerumani, kuna mzee jirani yangu anauza kagari kake ka zamani ka wazi, viti viwili, kameandikwa Fiat lakini ubavuni kana nembo ya Bertone. Nimefungua boneti nikakuta buti, injini ipo nyuma. Sasa hii ni gari ya nani, na ninunue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni ya wote wawili. Fiat walitoa 850 ya familia mwaka 1964, injini nyuma, halafu Bertone, watengeneza bodi wa Turin, wakachukua sakafu na mitambo ileile wakaivalisha bodi yao. Aliyechora ni Giorgetto Giugiaro, kijana wa miaka 26 tu, ikaonyeshwa Geneva Machi 1965. Na mtoto alijua kuchora bwana! Kunja turubai uone, linaingia lote chini ya mfuniko wa bati nyuma ya viti, ukishafunga huwezi jua kama gari lina turubai.

Mbio usitegemee sana. Injini ya mwanzo ni cc 843, hp 49, kuanzia 1968 ikawa cc 903, hp 52. Za Marekani ziliwekwa cc 817 kwa sababu sheria ya moshi kule ilikuwa haigusi injini chini ya inchi 50 za ujazo (kama cc 819), Waitaliano wajanja sana wale.

Kununua nunua, ila injini iangalie mwisho, hiyo inatengenezeka. Wewe anza na kutu, lala chini kabisa na tochi, gonga sakafu na ile mikanda ya bati chini ya milango, ukisikia sauti nzito kama ya udongo ujue wamejazia wakapaka rangi juu, na gari la wazi halina paa la kulishikilia kwahiyo pale pakioza mlango unaanza kugoma kufunga. Jaribu milango yote miwili.

Halafu muulize mzee kama puli ya krenki, ile gurudumu iliyo mwisho wa shafti kuu ya injini, imewahi kufunguliwa, maana oili inasafishwa mle ndani, uchafu unarushwa pembeni puli ikizunguka na unagandia humo, asipoelewa unaongelea nini shusha bei. Ukishalichukua, upepo wa tairi za mbele uwe pungufu kuliko wa nyuma, uzito wote uko huko, na kona ya mvua usiingie kwa fujo ukaachia mafuta ghafla katikati, mkia utakupita.