"Egg on": mayai yanahusikaje?

Swali: Mwalimu, natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza. Wavulana wawili wanagombana, kisha pameandikwa "his friends egged him on". Kamusi yangu inasema ni kuchochea. Mayai yameingiaje hapo? Na je, niandike "wakamtia moyo"?

Jibu: Mayai hayahusiki hata kidogo. Ni maneno mawili yaliyofanana sura tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini.

Kitenzi hiki kililetwa Uingereza na Waskandinavia, wale Waviking walioanza kuvamia mwishoni mwa karne ya 8, kisha wakalowea kaskazini na mashariki mwa nchi. Kwao eggja ilikuwa kumchochea mtu, na ilitokana na egg, yaani makali ya upanga au kisu. Waingereza nao walikuwa na neno la ukoo huohuo, ecg, ambalo leo ni edge. Hadi sasa kwa Kiswidi kuchochea ni egga, makali ya kisu ni egg, na yai ni ägg.

Tena hata egg ya yai ilitoka kwa Waskandinavia haohao! Waingereza wa kusini walisema ey, wingi eyren. Mchapaji William Caxton, katika dibaji aliyoiandika mwaka 1490, anasimulia wafanyabiashara waliokwama mtoni Thames kwa kukosa upepo. Mmoja alishuka akaomba egges. Mama mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule bwana akakasirika, maana naye Kifaransa hakijui. Mwenzake alipotaja eyren, ndipo mama akaelewa. Mimi nakipenda sana kisa hiki, kwa kuwa kinaonyesha maneno mawili yaking'ang'ania kitu kimoja.

Turudi kwenye tafsiri yako. Hiyo on usiipuuze: "they egged him", bila on, kwa kawaida ni kwamba walimrushia mayai.

"Wakamtia moyo" siikubali. Mwanafunzi anayeogopa mtihani hutiwa moyo. Egg on hutumika hasa mtu anaposukumwa kwenye jambo la kijinga, la hatari au baya, na mara nyingi wanaomsukuma wamekaa pembeni. Andika "wenzake wakawa wanamchochea". Kama msimulizi wako anaongea lugha ya mtaani, "wakamtia ndimu" itakaa vizuri zaidi, maana msomaji atajua papo hapo kwamba ngumi ziko karibu.