Kamera yangu ilikuwa inamchungulia jirani

Wezi waliruka ukuta wetu Mbagala wakaondoka na mtungi wa gesi na betri ya bajaji. Nikaita fundi akafunga kamera 4. Wiki ya kwanza nililala usingizi mzito. Wiki ya pili mama wa nyumba ya nyuma akapiga hodi, akakaa, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, ile kamera ya uani inaniona nikitoka bafuni."

Nilifungua simu. Kweli kabisa. Ilikuwa inashika mlango wa bafu lake, kamba yake ya nguo, na kona anapokaa na wajukuu kuchambua mchele. Picha za siku zote zile zilikuwa kwenye diski. Sikuwa na nia mbaya, lakini nia yangu haikumsitiri.

Jioni ile nikakagua na mengine. Neno la siri lilikuwa lilelile la kiwandani, na simu ya fundi bado ilikuwa imeunganishwa, maana yake aliweza kutazama uani kwangu saa yoyote. Maneno ya siri ya kiwandani ndiyo mlango uliotumiwa mwaka 2016 na kirusi cha Mirai: kilijaribu orodha fupi tu ya maneno hayo, kikateka kamera na vifaa vingine vya mtandao kwa mamia ya maelfu.

Kwa hiyo fundi akipanda ngazi, wewe shika skrini. Kamera itazame geti lako na ukuta wako. Badilisha neno la siri hapohapo, kisha mwombe ajaribu kufungua kwa simu yake. Ikifunguka, kazi haijaisha. Na dada wa kazi aambiwe kila kamera ilipo. Chumbani kwake isiwekwe kamwe, hata kama umeshawahi kuibiwa. Hilo kwangu halina mjadala.

Wenye maduka na nyumba za wageni wana jukumu zaidi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nilipogeuza kamera nilimpelekea mama simu aone mwenyewe. Akatazama kwa muda, akauliza, "Na zile za mwanzo?"

Nikazifuta, yeye akiwa amekaa pembeni yangu.