Betri imekufa, boneti imegoma: nimruhusu akate grili?

SWALI: Shikamoo fundi. Nilikaa Mwanza wiki tatu, IST yangu nikaiacha nyumbani Nkuhungu. Nimerudi, betri imekufa kabisa. Mlango nimefungua kwa ufunguo, lakini nikivuta leva ya boneti haifunguki. Fundi wa mtaani anasema bila umeme loki haiachii, anataka akate grili. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba. Usimruhusu.

Loki ya boneti ya IST haitumii umeme hata chembe. Leva iliyo chini ya dashibodi inavuta waya wa chuma, waya unavuta ndoano ya loki, basi. Hata betri ikiwa imeng'olewa, boneti hufunguka. Maneno haya ya "bila umeme haiachii" nayasikia kila mara na yananichosha. Zipo gari za namna hiyo, kama Tesla Model 3: boneti yake ni ya umeme, na kwa dharura imewekewa nyaya mbili nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa la mbele ili upeleke volti 12 kutoka nje. Yako siyo hiyo.

Kwako loki imekwama. Vumbi letu la Dodoma likichanganyika na grisi kuukuu linakuwa kama gundi. Tafuta mtu abonyeze boneti kwa viganja, mbele katikati, usawa wa loki. Wewe vuta leva uishikilie, kisha yeye aachie. Rudieni hata mara kumi. Leva ikiwa nyepesi, haina uzito wowote mkononi, waya umechomoka au umekatika. Ukikatikia kwenye leva, ncha yake inashikwa kwa plaizi na kuvutwa. Ukikatikia mbele, gari linanyanyuliwa na kuegemezwa kwenye stendi, si jeki peke yake, loki inafikiwa kutokea chini. Inataka subira tu.

Nyuma ya grili kuna redieta. Nimeletewa magari yaliyopigwa nondo: boneti imepinda, redieta inavuja, na tatizo la mwanzo lilikuwa betri!

Ikishafunguka, ndipo wanapokuja wale wa "umeme ni umeme", wakubusti, yaani wakuazime umeme wa kuwashia gari, kutoka kwenye Fuso. Fuso ina volti 24, gari lako 12. Kontroo boksi, yaani kompyuta ya gari, ikiungua, hiyo hasara inapita bei ya betri mpya mara kadhaa. Tumia gari dogo kama lako. Waya mwekundu uende chanya kwa chanya. Mweusi uanzie hasi ya betri nzima, ile ya gari linalokusaidia, na ncha yake ya mwisho ibane chuma cha injini yako, mbali na betri, maana betri hutoa gesi ya haidrojeni na cheche moja inatosha kuilipua. Na akija mtu na mashine ya kuchomelea akisema ndiyo itakayowasha gari, usimfungulie geti.