Utafiti wa Uholanzi na wa Uingereza unapishana: nifanyiwe upasuaji wa sainasi au nisifanyiwe?

SWALI

Habari za kazi, daktari. Nina miaka 43, nafundisha sekondari Tanga. Huu ni mwaka wa saba pua zangu zimeziba, makamasi mazito yananishukia kooni, na harufu ya chakula nimeshaisahau. Antibayotiki nimemeza hadi hesabu imenipotea. Nina pumu kidogo. Nimepigwa picha ya CT, nikaambiwa nina vinyama pande zote mbili na inafaa nifanyiwe upasuaji wa kamera kupitia puani. Kaka yangu alifanyiwa huohuo, akapata nafuu mwaka mmoja na nusu, kisha vinyama vikarudi. Nimejisomea mwenyewe: utafiti wa Uholanzi unasema upasuaji unaongeza faida kidogo tu juu ya dawa, na wa Uingereza unasema unazishinda dawa kwa mbali. Nimwamini nani? Mke wangu anasisitiza nyungu. Na chaki je, ndiyo mchawi wangu?

JIBU

Mwalimu, umesoma mbali kuliko wengi ninaowaona kliniki, na tafiti zote mbili ulizozitaja ninazitumia. Hazipishani kiasi hicho. Zinaonekana kupishana kwa sababu ya dhana moja ambayo hata sisi madaktari tumechangia kuieneza tunapoeleza kwa haraka: kwamba upasuaji unaenda kuutoa ugonjwa, kama vile jino bovu linavyong'olewa.

Hapo zamani kweli ndivyo tulivyodhani. Caldwell wa Marekani mwaka 1893, na Luc wa Ufaransa mwaka 1897, kila mmoja kwa wakati wake walieleza operesheni ya kuinua mdomo wa juu, kutoboa mfupa wa shavu, kuukwangua utando wote wa ndani na kuacha tundu jipya la kutolea uchafu. Ilitumika kwa miongo mingi. Aliyeitikisa ni Walter Messerklinger, daktari wa Graz, Austria. Yeye alitumia muda mrefu kuangalia kitu ambacho wenzake hawakukijali: ute unatembeaje. Ndani ya sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyo kwenye mifupa ya uso, kuna vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma ute bila kupumzika, na vinausukuma kuelekea mlango mmoja tu, ule wa asili. Ukitoboa tundu kubwa mahali pengine, hata chini kabisa ambako ungedhani uchafu utachuruzika wenyewe, ute unalipita tundu hilo na kuendelea na safari yake kupanda kwenye mlango wa zamani. Kwa hiyo kazi ya mpasuaji ikawa kuuzibua mlango huo huku utando ukiachwa hai. Mwaka 1985 David Kennedy wa Baltimore, Marekani, na wenzake wakaupa upasuaji huu jina lake la leo, jina linalosema kwamba shabaha ni kurudisha utendaji wa sainasi.

Sasa wewe una vinyama. (Nafafanua, maana neno hili linachanganya: "nyama za puani" za mtoto anayekoroma ni kitu kingine, na wengine huita nyama hata sehemu za pua ambazo kila mtu anazo. Vyako ni polipu: utando uliovimba ukaning'inia kama zabibu iliyomenywa.) Polipu hazikuota kwa sababu mlango uliziba. Utando wote una uvimbe wa kudumu, na tukizikata, utando uliozizaa unabaki palepale. Basi upasuaji unasaidia nini? Unatengeneza njia. Kabla ya upasuaji, maji ya kusafishia pua na dawa ya kupuliza ya steroidi (ya kutuliza uvimbe) huishia puani, kwenye vyumba vyenyewe karibu haviingii. Vyumba vikishafunguliwa, dawa inafika pale palipo na ugonjwa. Mgonjwa anayeniambia "nikipasuliwa nitaachana na haya mapulizo" huwa namrudisha nyumbani akafikiri upya.

Ukilishika hilo, tafiti zako zinasomeka. Zote mbili zimepima kwa dodoso liitwalo SNOT-22: maswali 22, kila moja alama 0 hadi 5, jumla ya juu 110, na alama nyingi maana yake hali mbaya. Yanahusu pua kuziba, harufu, usingizi, uchovu, hata huzuni. Kwa kawaida alama zinatakiwa zishuke karibu 9 ndipo mgonjwa mwenyewe ahisi tofauti.

Waholanzi waliwagawa kwa kura wagonjwa 238 wenye polipu, katika hospitali 15: kundi moja upasuaji pamoja na dawa, jingine dawa peke yake. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Baada ya miezi 12 kundi la upasuaji lilikuwa na alama kama 28, la dawa kama 31, na hesabu ikishasawazishwa tofauti ilikuwa karibu 5. Tofauti ipo, lakini haifiki ile 9. Waingereza nao walichukua watu zaidi ya 500, wenye polipu na wasio nazo, ambao walikuwa wameshatumia dawa na bado wanasumbuka. Wote waliendelea na steroidi ya puani na maji ya chumvi. Juu ya hayo, kundi moja lilipasuliwa, la pili likapewa antibayotiki iitwayo klarithromaisini kwa muda wa miezi mitatu, la tatu vidonge visivyo na dawa ndani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025: baada ya miezi sita waliopasuliwa waliwazidi wengine kwa karibu alama 20. Klarithromaisini haikufua dafu mbele ya kidonge kitupu. Hapo ndipo ningependa uzikumbuke zile antibayotiki zako zilizokupotea hesabu.

Mbona Uholanzi 5 na Uingereza 20? Tazama mizani imebeba nini kila upande. Kundi la dawa la Uholanzi liliruhusiwa matibabu mapana, na kozi za vidonge vya steroidi zilikuwemo. Vidonge hivyo vinazifanya polipu zinywee upesi sana, mtu ananusa tena ndani ya wiki. Tatizo ni bei yake: sukari, presha, mifupa, na baada ya wiki au miezi michache pua inaanza kuziba tena. Dodoso halikudai bei hiyo. Halafu Waholanzi walipima baada ya miezi 12, Waingereza baada ya sita. Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa: wastani hauna uso. Mtu aliyeanza na alama 18 hawezi kushuka 20 hata apasuliwe na malaika, na tafiti zimeonyesha kwamba wanaoanza chini ya 20 kwa kawaida hawapati nafuu ya kutosha kuihisi. Anayeanza na 60 ana nafasi pana ya kushuka. Kwa hiyo usiniulize nani umwamini. Jaza dodoso hilo, uone wewe uko wapi. Kwa maelezo yako, pua iliyoziba miaka saba na harufu iliyopotea, sitegemei utaanza chini.

Kuhusu kaka yako, yaliyomkuta ni ya kawaida. Ukaguzi mkubwa uliofanyika Uingereza na Wales ukianzia mwaka 2000, wenye wagonjwa zaidi ya 3,000, uliwafuatilia watu hao kwa miaka mitano: takriban 19 katika kila 100 walikuwa wamerudiwa upasuaji. Lakini alama za kundi zima zilikuwa bado chini kwa 14 kulinganisha na kabla ya operesheni, karibu sawa na zilivyokuwa miezi mitatu baada yake. Madaktari wa Ubelgiji waliwaangalia wagonjwa wao baada ya miaka 12. Kundi lilikuwa dogo, watu 38, na karibu 79 kwa mia walionekana na polipu tena. Waliokuwa wamepasuliwa upya walikuwa 37 kwa mia. Yaani kamera inaziona polipu ambazo mwenye pua hana habari nazo. Kwa hiyo muulize kaka yako maswali mawili: vilirudi kwa kamera au kwa dalili? Na je, aliendelea kuosha pua na kupuliza dawa baada ya kupata nafuu? Najua jibu la swali la pili ninalolisikia mara nyingi.

Pumu yako ina swali lake. Ukimeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, hizi za maumivu tunazonunua dukani bila cheti, je, kifua kinabana au pua inafunga ndani ya saa chache? Polipu, pumu na kukataliwa na dawa hizo vikikutana kwa mtu mmoja, ni ugonjwa wa aina yake, na ndio unaorudi kwa kasi kuliko wote. Mwambie daktari wako kabla ya nusukaputi, si baada, maana dawa hizo hizo hutumika kutuliza maumivu ya upasuaji. Usijijaribu mwenyewe kwa kumeza moja kuona itakuwaje. Kwa wagonjwa wa namna hiyo siku hizi kuna sindano kama dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa polipu mwaka 2019. Inafanya kazi, lakini inachomwa kila wiki mbili bila tarehe ya kumaliza, na bei yake kwa mshahara wa mwalimu sina haja ya kuieleza.

Hatari zipo. Jirani wa sainasi upande mmoja ni jicho, juu ni ubongo, na kinachowatenganisha ni mfupa mwembamba kama ganda la yai. Katika ukaguzi ule wa Uingereza madhara makubwa yalitokea kwa 0.4 kwa mia ya waliopasuliwa, na madogo, hasa kutoka damu, kwa 6.6 kwa mia. Picha ya CT ndiyo ramani ya kukwepa majirani hao, na hapa nina ombi: angalia ilipigwa lini. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga CT watu 31 wenye mafua ya kawaida tu, na 87 kwa mia wakakutwa sainasi za mashavu hazikukaa sawa. Wengi wa waliorudiwa picha wiki mbili hivi baadaye sainasi zao zilikuwa zimesafika au kupata nafuu kubwa bila antibayotiki. Kama yako ilipigwa ukiwa na mafua makali, au ina umri wa miaka, irudiwe.

Wewe hukulalamika kichwa, lakini wasomaji wengi wataniandikia kwamba wana sainasi kwa sababu paji la uso linauma. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwachukua watu 2,991 walioamini wana kichwa cha sainasi, na 88 kwa mia walikuwa na dalili za kipandauso. Hao upasuaji wa pua utawaacha na kichwa kilekile.

Nyungu: mama asinichukie. Jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 2016, lenye wagonjwa 871, lililinganisha mvuke na kuosha pua kwa maji ya chumvi. Mvuke ulipunguza kuumwa kichwa, basi. Kuosha pua kulileta nafuu, si kubwa lakini ipo. Chukua nusu lita ya maji yaliyochemka yakapoa, chumvi kijiko cha chai kisichojaa, osha kila pua kwa chupa ya kubonyeza asubuhi na jioni. Kuchemsha si mapambo: Louisiana mwaka 2011 watu wawili walikufa kwa amiba aliyeingia ubongoni baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Na wanaoniuliza kama kupandisha maji puani wakati wa kutawadha kunatosha, hapana, maji hayo ni kidogo mno kwa kazi hii.

Ningekuwa mimi ndiye ninayekuona, ningekupa kwanza wiki nane hadi kumi na mbili za kuosha na kupuliza steroidi bila kukosa, nihakikishe unashika chupa sawasawa, kisha tuhesabu alama zako. Kama umeshafanya hivyo kwa uaminifu na pua bado imefungwa, ningekupasua, tukiwa tumekubaliana kwamba chupa ya maji haistaafu.

Chaki haikuotesha vinyama hivyo. Vumbi lake linaichokoza pua iliyokwisha kuwa gonjwa, hilo tu. Ila ukipasuliwa, wiki mbili za mwanzo usipenge kamasi, ukipiga chafya achama mdomo, na ukirudi darasani mapema mwachie kiranja aandike ubaoni.