Tikisa barafu kwanza, mdogo wangu

Jana asubuhi nimemkuta mwanafunzi wa field anatoa barafu kwenye friza, zile pakiti za plastiki zenye maji ndani, ngumu kama jiwe, anazipanga kwenye kasha la chanjo na kuweka penta, chanjo ya magonjwa matano, juu yake. Nikamuuliza, "Umezitikisa?" Akajibu, "Dada, jua la leo kali, nimeona ziwe baridi zaidi." Nikavuta kiti nikakaa. Maneno hayohayo niliyasema mimi, Tandahimba, nikiwa na miezi minane kazini. Basi wote mliokuja rotesheni hii, sikilizeni.

1. Acheni kuwaambia kina mama kwamba chanjo ni askari. Sungusungu mtoto amezaliwa nao, ni zile chembe nyeupe zinazozunguka kwenye damu na kukutana kwenye tezi. Chanjo ni picha ya mwizi. Wakishaiona wanatengeneza kingamwili za kumkamata huyohuyo, na baadhi yao wanabaki na sura yake kichwani kwa miaka. Ndiyo maana penta tunaichoma wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya kwanza wanaitazama, ya tatu wanaijua hata gizani. Mtoto akichemka usiku ule, mwambie mama sungusungu wako kikaoni.

2. Barafu. Ulikuwa msimu wa korosho, na ukichelewa kijiji unakikuta kitupu, watu wote wako shamba. Nikapakia alfajiri, barafu moja kwa moja kutoka friza, sikungoja zianze kuyeyuka mpaka maji yacheze ndani, vichupa vya penta vimezigusa, pikipiki ikaondoka. Tumefika, nafungua kasha, penta imeganda. Sikumwambia mtu. Nilivishika viganjani kimoja kimoja mpaka vikayeyuka, nikachoma watoto 11, nikajaza kadi kwa mwandiko mzuri kabisa.

Penta ina chumvi ya aluminiamu, na kazi yake ni kuwaita sungusungu pale sindano ilipoingia. Ikiganda inashikana chenga, chanjo inapoteza nguvu, na hata ukiyeyusha hairudi ilivyokuwa. Picha imelowa mvua. Nani atamtambua mwizi hapo?

Nilibaki na kichupa kimoja, nikakirudisha kwenye jokofu kama mjinga. Mratibu wa chanjo akakiona kina alama ya maji ya barafu. Akachukua mwenzake wa toleo lilelile akakigandisha makusudi, akakiyeyusha, akavitikisa vyote viwili na kuvisimamisha mezani. Vikashusha mashapo sawasawa kama pacha, maana yake changu nacho kiliganda. Hakunifokea. Alisema tu, "Kesho unarudi kijijini."

Nikarudi, nyumba kwa nyumba, mpaka chini ya mikorosho. Mama mmoja akaacha kuokota, akanitazama: "Nesi, kwani ile ya kwanza ulimchoma mwanangu maji?" Sikuwa na jibu, nilimwambia ndiyo. Niliwapata 10. Wa kumi na moja mama yake alishavuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji kumfuata mume, na kadi aliyoondoka nayo inasema mtoto amechomwa penta ya pili. Nimeijaza mimi.

3. Haya mengine ni mafupi. Surua-rubella ikishachanganywa ina saa 6, zikipita mwaga hata kama kichupa kimebaki nusu. Kile kimraba kwenye lebo kinatoa habari za joto tu, kikipata joto kinakolea rangi, kuganda hakikujui. Changu siku ile kilikuwa cheupe pee. Kipele cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, kitatoa usaha kidogo na kuacha kovu, kwa hiyo waambieni kina mama wasipake majivu, na dawa ya meno jamani wasipake.

4. Mtaulizwa kwa nini surua inasubiri miezi 9. Kingamwili za mama zilipita kwenye kondo mimba ikiwa bado tumboni, na zinakaa miezi kadhaa. Ukichoma mapema, zinaiua chanjo kabla sungusungu wa mtoto hawajaiona. Nilimweleza hivyo bibi mmoja aliyemleta mjukuu, akamgeukia binti yake: "Unaona? Hata huko damuni hutaki mtoto afanye kazi mwenyewe." Foleni nzima ilicheka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeuliza tena swali hilo siku ile.

Yule mwanafunzi yuko hapo mezani sasa hivi. Barafu zimepangwa mstari, anaziinua moja moja na kuzitikisa sikioni asikie kama maji yanacheza, utadhani anachagua nazi sokoni.