Njia ya baiskeli inapokatika ndipo watu wanapoiacha baiskeli

Mkuu, umeuliza miji mikubwa ifanye nini ili watu waende kazini na sokoni kwa baiskeli, siyo kufanya mazoezi ya Jumapili tu. Mimi naenda kazini kwa baiskeli mwaka wa kumi na moja huu, mvua na jua, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Waliotangulia kujibu wamesema watu wahamasishwe. Sikubaliani nao. Kila mtu anajua baiskeli haili mafuta na inaupa mwili afya. Kinachomzuia ni woga wa kugongwa, na woga huo ni wa haki.

Mke wangu alinunua baiskeli akaitumia wiki tatu. Kilomita nne za mwanzo zilikuwa raha: njia pana, ukingo wa zege unaitenga na magari. Ila mita kama 200 kabla ya kipilefti ukingo unaisha, alama ya baiskeli imefutika nusu, na ghafla uko kati ya basi na lori. Siku moja kioo cha pembeni cha basi kilimpiga kiwiko. Hakuanguka. Alishuka, akaikokota mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo hajaipanda tena. Kwake yeye zile kilomita nne ni kama hazikujengwa.

Ndiyo maana nasema njia ziungane. Sevilla, Hispania, kuanzia 2006 walijenga karibu kilomita 80 za njia zilizotengwa, kwa mkupuo, zikiwa zimeunganishwa tangu mwanzo, na sehemu kubwa ya nafasi waliitoa kwenye maegesho ya magari. Ndani ya miaka michache waendesha baiskeli waliongezeka mara kadhaa, katika mji ambao zamani ungewahesabu kwa vidole. Wangejenga kipande huku na kipande kule, wangepata vipande vitupu visivyo na watu.

Na tuache kusema Waholanzi wamezaliwa na baiskeli. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu zaidi ya 3,000, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliingia mitaani kudai watoto wao wasiuawe, kisha mgogoro wa mafuta wa 1973, mafuta yalipoadimika na kupanda bei, ukaja kuongeza shinikizo. Njia mnazoziona leo zilidaiwa.

Kwenye makutano ndiko tunakoumizwa zaidi, hasa gari linapokata kona bila dereva kukuona. Taa ya baiskeli ikiwaka kijani sekunde chache kabla ya ile ya magari, unakuwa umeshaingia mbele ya macho yake. Copenhagen, Denmark, wamekwenda mbali zaidi: kuna barabara ambazo taa zimepangwa ili mwendesha baiskeli wa kilomita 20 kwa saa apite kijani mfululizo asubuhi. Mitaa ya ndani haihitaji hata njia maalumu, punguzeni mwendo wa magari uwe kilomita 30 kwa saa, kama Paris ilivyofanya kwenye mitaa yake mingi mwaka 2021.

Halafu kuna wizi, ambao wapangaji wa miji huusahau. Baiskeli yangu ya kwanza iliibiwa mbele ya ofisi mchana kweupe, nikakuta mnyororo umekatwa umelala chini. Nilirudi kwenye basi miezi mitano. Kilichonirudisha ni mwajiri kutoa chumba chenye mlango wa kufunga na bomba la kuogea. Kituo cha treni cha Utrecht, Uholanzi, kina maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya paa. Mji unaoanza hauhitaji hayo yote, lakini hata vyuma imara vya kufungia, mahali penye mlinzi, vinatosha kumshawishi mtu.

Unapoishi, pita njia yako na uandike kila sehemu unaposhuka kukokota. Zile mita 200 za kipilefti nimeziandikia barua mara mbili. Baada ya barua ya pili walikuja mafundi wawili na utepe wa kupimia, wakachora alama nyeupe kwenye lami. Naziangalia kila asubuhi nikipita. Mwezi ujao napeleka barua ya tatu.