Siku moja Bhubaneswar: Konark inafaa?

Mkuu, umeuliza kama siku yako moja ya mapumziko Bhubaneswar, mji wa India, inatosha kwenda kwenye hekalu la kale la Konark, na kama asiye Mhindu anaruhusiwa kuingia. Nenda. Ni kilomita kama 65, na ibada haifanyiki tena humo, unakata tiketi unaingia. Utakakozuiwa ni hekalu la Jagannath kule mji wa Puri.

Konark lilijengwa karne ya 13, enzi za mfalme Narasimhadeva wa Kwanza, kwa umbo la gari la mungu jua: magurudumu 24 ya mawe, farasi saba mbele. Mnara mkuu ulishaporomoka. Hicho kirefu utakachokiona ni ukumbi wa mbele, ambao Waingereza waliujaza mchanga usije ukaanguka nao.

Usikimbilie picha. Simama kwenye gurudumu moja (linakuzidi kimo) usogeze uso: kila spoku nene ina kiduara katikati, na ndani ya kiduara kuna watu wadogo wamechongwa hadi bangili. Waongozaji huweka kidole kwenye ekseli wakasoma saa kwa kivuli.

Halafu mtafute twiga. Ndiyo, twiga! Kwenye ukuta wa jukwaa la chini, mfalme yuko juu ya tembo, na mbele yake analetwa mnyama wa shingo ndefu. India haina twiga, jumlisha mwenyewe.

Michongo mingine ni ya chumbani kabisa. Kama unakwenda na wakwe, jiandae kuangalia mawinguni.